Miezi Mitatu ya Kushtaki: Ukomo wa Mashtaka ya Kunajisi Wasichana nchini Uingereza, 1885–2004

Katika sheria ya jinai ya England na Wales, kupita kwa wakati peke yake hakumwokoi mshtakiwa. Kanuni ya kale inasema kwamba muda hauhesabiwi dhidi ya mfalme, na kwa kuwa mashtaka hufunguliwa kwa jina la ufalme, muuaji au mbakaji anaweza kufikishwa kizimbani hata baada ya miaka 40. Makosa madogo yanayosikilizwa na mahakimu ndiyo yenye kikomo cha jumla, miezi 6, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1848. Ndiyo maana kikomo kilichowekwa mwaka 1885 kwa kosa la kumwingilia msichana wa chini ya miaka 16 kilikuwa kitu cha nadra. Kosa hilo lilipelekwa mbele ya jaji na baraza la wazee wa mahakama, lakini mashtaka yake yalipaswa kufunguliwa ndani ya miezi 3.

Kabla ya hapo umri wa ridhaa ulikuwa mdogo sana. Sheria ya 1861 iliuweka kwenye miaka 12, na ile ya 1875 ikaupandisha hadi 13. Mapema katika miaka ya 1880 kamati teule ya Baraza la Malodi ilichunguza biashara ya kuwapeleka wasichana wa Kiingereza kwenye madanguro ya bara la Ulaya, na muswada wa kuwalinda ukaandaliwa. Ulikwama bungeni zaidi ya mara moja. Uliokolewa na gazeti: mnamo Julai 1885 W. T. Stead, mhariri wa Pall Mall Gazette, alichapisha mfululizo wa makala kuhusu ununuzi wa wasichana jijini London, na ghadhabu ya umma ikawa kubwa kiasi kwamba wabunge hawakuweza tena kuuahirisha. Sheria ilipata idhini ya malkia tarehe 14 Agosti mwaka huohuo. Stead mwenyewe alifungwa miezi 3, kwa sababu katika kukusanya ushahidi wake alimchukua msichana bila ridhaa ya baba yake.

Sheria hiyo ilichora mstari kwenye miaka 13. Aliyemwingilia mtoto wa chini ya umri huo aliweza kufungwa maisha, na hakuwekewa ukomo wowote wa kushtakiwa. Mahakama iliruhusiwa hata kumsikiliza mtoto asiyeelewa maana ya kiapo, ingawa maneno yake yalihitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine. Kwa msichana wa miaka 13 hadi 15 mambo yalikuwa tofauti. Adhabu haikuzidi miaka 2, mwanamume aliruhusiwa kujitetea kwamba aliamini kwa sababu za msingi kuwa msichana ametimiza 16, na juu ya yote hayo kulikuwa na ile miezi 3.

Ukomo wa mashtaka kwa kawaida hutetewa kwa hoja ya ushahidi: mashahidi husahau, wengine hufa, nyaraka hupotea. Hoja hiyo haielezi miezi 3, kwani hakuna kumbukumbu inayooza upesi hivyo kwa msichana wa miaka 14 huku ikibaki imara kwa mwenzake wa miaka 12. Kilichowasumbua watunga sheria kilikuwa ni hofu ya kutishiwa. Wengi wao walikuwa mabwana wenye watumishi wa kike majumbani na watoto wa kiume wanaokua, na walimwona msichana mwenye umri wa kuolewa kama mtu anayeweza kumtega kijana wa familia kisha akadai fedha ili anyamaze. Muda mfupi ulikusudiwa kumnyang'anya silaha hiyo. Ulinzi wa msichana na ulinzi dhidi ya msichana viliandikwa katika kifungu kimoja.

Uzito wa kikomo hicho unaonekana zaidi kwenye suala la mimba. Msichana aliyefanya kazi za ndani, ambaye mtu wa nyumba hiyo alimwingilia, mara nyingi hakusema lolote mpaka tumbo lilipomsemea. Katika miezi 3 ya kwanza tumbo halijaonekana, na huenda yeye mwenyewe hajajua. Mama yake alipogundua, siku za kushtaki zilikuwa zimekwisha. Bunge lilisogea taratibu. Sheria ya 1904 kuhusu ukatili kwa watoto iliongeza muda hadi miezi 6. Mwaka 1921 muswada wa kuurefusha zaidi uliangushwa na jambo lisilohusiana nao: wabunge waliuchomekea kifungu cha kuharamisha mapenzi kati ya wanawake, malodi wakakikataa, na muswada mzima ukafa. Ulirudi mwaka 1922 na kuweka miezi 9, yaani muda wa mimba. Hatimaye sheria ya 1928 ikafikisha miezi 12, na hapo ndipo kikomo kilipobaki hadi mwisho.

Mawazo ya aina hii yalisafiri na himaya. Sheria ya Jinai ya Nigeria ya mwaka 1916, iliyofuata mfano wa ile ya Queensland, ilitaka mashtaka ya kumnajisi msichana yaanze ndani ya miezi 2, hata pale msichana alipokuwa chini ya miaka 13, umri ambao England yenyewe haikuuwekea ukomo. Kwa upande wa Afrika Mashariki, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006 haina ukomo wa namna hiyo kwa kosa la kunajisi.

Sheria ya 1922 ilikuwa na kifungu kingine kilichokuja kuleta mgogoro miaka 80 baadaye. Ilisema kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 hawezi kutoa ridhaa ya kushambuliwa kwa aibu, na shambulio la aibu halikuwa na ukomo. Kila tendo la kumwingilia msichana huanza na kumgusa, kwa hiyo tendo lilelile liliweza kuitwa kwa majina mawili, moja likifa baada ya mwaka na jingine likiishi milele. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1956 ilivirithi vyote viwili bila kuvipatanisha. Kisha mwaka 1985 adhabu ya juu ya shambulio la aibu dhidi ya mwanamke ikapandishwa hadi miaka 10, ilhali kumwingilia msichana wa miaka 14 kulibaki na miaka 2. Waendesha mashtaka walifanya kile ambacho mwanasheria yeyote makini angefanya: pale miezi 12 ilipopita, walishtaki kwa shambulio la aibu.

Mbinu hiyo ilifika Baraza la Malodi katika shauri la R dhidi ya J, lililoamuliwa Oktoba 2004. Msichana alikuwa na miaka 13 wakati wa tendo la kwanza, na malalamiko yalikuja baada ya muda kupita. Malodi wanne kati ya watano waliamua kwamba upande wa mashtaka hauwezi kubadili jina la kosa ili kuukwepa ukomo uliowekwa na Bunge, hata kama ukomo huo hauna tena mtetezi. Baroness Hale, mwanamke wa kwanza kuwa mmoja wa malodi wa sheria, alipinga. Kwake, maneno ya sheria yalizuia mashtaka ya kosa moja tu, na hayakusema lolote kuhusu lile jingine. Hoja ya wengi ni imara kikanuni, lakini ni yake inayosomeka kama sheria ilivyoandikwa.

Wakati hukumu inatolewa, kikomo chenyewe kilikuwa kimeshafutwa. Sheria mpya ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2004, iliweka kosa moja la vitendo vya ngono na mtoto, kwa wavulana na wasichana sawa, lenye adhabu ya hadi miaka 14 na lisilo na ukomo wa muda. Lakini sheria hiyo haikurudi nyuma. Kitendo cha kabla ya tarehe hiyo kiliendelea kupimwa kwa sheria ya wakati wake. Mwanamke aliyebakwa mwaka 1985 akiwa na miaka 14 aliweza bado kuona mashtaka yakifunguliwa, maana ubakaji haukuwahi kuwekewa ukomo. Aliyeshawishiwa na mtu mzima hadi akakubali, mwaka huohuo na akiwa na umri uleule, alikuta uamuzi wa R dhidi ya J umeufunga mlango uliokuwa umebaki wazi.