Keja yenye View Kanairo: Mitaa Sita ya Kucheki Kabla Ulipe Deposit

Tuseme umepata keja. Orofa ya tano, balkoni inaangalia kaskazini, na caretaker amekufungulia mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mbele yako kuna ploti tupu yenye migomba na kuku wawili, halafu mabati ya mtaa, halafu mbali kabisa Mt Kenya imesimama na theluji yake. Unaambiwa rent ni thao tatu juu ya zile keja za nyuma. Hauulizi swali. Unatuma deposit kwa simu hapo hapo.

Miezi minane baadaye unaamshwa na mashine ya kuchanganya simiti. Ile ploti imezungushwa mabati. Kufika Krisi, ukifungua pazia unaona jikoni ya jirani, na yeye anaona yako. Thao tatu bado unalipa.

Msee yeyote amepanga Kanairo miaka kadhaa anajua story kama hii. Ndio maana swali la kwanza ukitafuta keja ya view si "view iko aje?" Swali ni: hiyo ardhi naangalia ni ya nani, na anaweza kuamka kesho aweke flati? View inayokaa ni ile iko juu ya kitu hakijengwi ovyo. Mbuga. Msitu wa serikali. Uwanja wa ndege. Mlima. Zingine zote umekodishiwa na jirani, na hajakuambia mwisho ni lini.

Twende mtaa kwa mtaa.

Kwanza, elewa vile tao imekaa

Kanairo iko kama mita 1,795 juu ya bahari, lakini haijalala sawa. Magharibi kumeinuka, mashariki kumeshuka. Kilele cha Ngong Hills kiko mita 2,460, na ukifika JKIA umeteremka hadi mita 1,624. Hii inamaanisha ukiwa upande wa juu unaangalia tao ikiwa chini yako, na ukiwa Eastlands unaangalia jua likizama nyuma ya tao na vilima. Ukijua hivyo, hata kabla ya kupanda ngazi ushajua balkoni inafaa iangalie wapi.

1. Ngong, Matasia na Kiserian: vilima mlangoni

Kama unataka kuamka ukiona vilima bila kulipa pesa ya Karen, anzia hapa. Ngong Hills ziko karibu kiasi kwamba unaona mitambo ya upepo ikizunguka. Jioni jua linazama nyuma yake, na ukipita Kiserian ufike Corner Baridi kwa barabara ya Magadi, unaona Bonde la Ufa likifunguka mbele yako.

View ya mlima hapa ina nguvu kwa sababu mlima ni mrefu kuliko flati yoyote. Jirani akijenga orofa nne anaweza kukata sehemu ya chini, lakini kilele utakiona.

Noma ni gani? Baridi na upepo, kwanza Julai. Halafu umbali: mathree za 111 zinakupeleka Ngong na 126 Kiserian, na ukiwa na job ya tao ya saa mbili, utatoka kejani giza. Kama view yako unaiona Jumapili pekee, piga hesabu upya.

2. Rongai, upande wa Maasai Lodge: mbuga ng'ambo ya mto

Watu wanacheka Rongai juu ya umbali, lakini kuna kitu mtaa huu uko nacho na Kilimani haina. Ukiingia ndani kwa barabara ya Maasai Lodge, unafika ukingo wa korongo la Mbagathi. Ng'ambo ni Nairobi National Park, kilomita 117 za mraba zilizotengwa tangu 1946. Hiyo ndiyo mbuga ya kwanza Kenya, na nyuma yake unaona magorofa ya tao yamejipanga.

Mwenye hiyo ardhi ni serikali, na si rahisi ijengwe flati. Lakini usidhani haiguswi kabisa: SGR ilipita ndani ya mbuga juu ya daraja refu, na watu waliokuwa wakipinga walishindwa. Hata mbuga inaweza kupata kitu kipya katikati ya picha yako.

Jua pia kwamba upande wa kusini mbuga haijazungushwa ua wote, ndio wanyama wapite kwenda malishoni. Mwaka wa 2016 simba walitoka mbugani zaidi ya mara moja, wakaonekana mpaka kando ya barabara za tao. Ukiwa na mbwa ama mbuzi, ulizia majirani wanalala aje. Maji nayo, maeneo mengi ni ya kisima ama ya boza, na mengine yana chumvi. Onja kabla ulipe.

3. South C, Nairobi West na Lang'ata: nyasi na ndege

Hapa uko karibu na tao na bado unaweza kupata mbuga. South C, zile flati za pembeni kabisa kuelekea Mombasa Road, orofa za juu zinaangalia nyasi moja kwa moja. Hakuna flati kati yako na twiga.

Kuna siri nyingine: Wilson Airport. Karibu na uwanja wa ndege, urefu wa jengo lazima uidhinishwe na KCAA, kwa hivyo mtu hawezi kujirushia orofa ishirini bila kuulizwa. Hiyo inalinda anga yako kuliko mkataba wowote wa keja. Bei yake ni kelele. Ndege ndogo zinaanza asubuhi mapema, na kama unafanya job ya usiku unalala mchana, utajuta.

4. Kiambu Road na Ridgeways: msitu ama kahawa?

Flati nyingi hapa zinauzwa kwa neno moja, kijani. Lakini kuna kijani mbili, na zinafanana sana kwa picha.

Ya kwanza ni Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 uliotangazwa kuwa wa serikali mwaka wa 1932. Mwishoni mwa miaka ya 90, ardhi yake ilianza kugawiwa wajenzi. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti, wakapigwa na majamaa, hakurudi nyuma. Karura ingali hapo kwa sababu watu waliipigania. Ukiamka ukiona miti hiyo, kumbuka hiyo view ililipiwa damu.

Ya pili ni mashamba ya kahawa. Ni poa kwa macho, lakini ni mali ya mtu ama kampuni, na bei ya ploti inashinda bei ya kahawa. Tatu City kule Ruiru imesimama mahali palipokuwa kahawa. Kwa hivyo ukioneshwa "view ya kijani", toa simu, fungua ramani, uone kama ni msitu ama ni shamba. Shamba likiwa karibu na lami, hesabu miaka yako.

5. Upper Hill, Kilimani na Kileleshwa: taa za tao

Hii ni ya wale wanataka usiku. KICC na orofa zake 28, iliyofunguliwa 1973, Britam Tower yenye mita 200, UAP Old Mutual yenye orofa 33. Ukiwa juu, saa moja jioni tao ikianza kuwaka, unaelewa mbona watu wanalipa.

Lakini hapa ndipo view inakufa haraka zaidi. Kilimani ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani kubwa. Sai kila bustani ni mjengo unaongoja. Ukikuta bungalow kuukuu mbele ya balkoni yako, usiseme "wow, kuna nafasi". Sema "hii ndiyo inafuata".

Ujanja ni kutafuta upande unaoangalia Arboretum, pale kati ya Kileleshwa na State House. Ni shamba la miti la tangu 1907, kama hekta 30, na si la mtu binafsi. Ama tafuta jengo lililo juu ya mteremko, lenye majirani ambao tayari wamejenga. Flati mpya iliyokamilika mbele yako ni afadhali kuliko ploti tupu, juu angalau unajua urefu wake.

6. Roysambu, Mirema na Kasarani: milima miwili kwa bei ya chini

Thika Road si ya maskani tu. Asubuhi hewa ikiwa safi, orofa za juu za huku unaona Kilimambogo, mita 2,145, na nyuma kabisa Mt Kenya, mita 5,199. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, picha za Mt Kenya nyuma ya magorofa ya Kanairo zilisambaa mtandaoni na wasee wakasema ni Photoshop. Haikuwa. Mlima uko umbali wa kama kilomita 150, na huonekana.

Ila uwe mkweli na nafsi yako: si kila siku. Mawingu huinuka mapema. Januari na Februari una nafasi nzuri, lakini kati ya Juni na Agosti anga ya Kanairo inafunga, na unaweza kumaliza wiki hujaona hata Kasarani Stadium vizuri. Caretaker akikuambia mlima unaonekana "daily", anataka ujaze hiyo keja.

Flati za huku zimebanana, kwa hivyo chukua orofa ya mwisho ama usichukue kwa sababu ya view. Habari njema ni kwamba kwa majengo yasiyo na lifti, zile za juu wakati mwingine ndizo bei nafuu. Magoti yako ndiyo yanalipa tofauti.

Na kama bajeti ni ya Pipeline?

View si ya wenye doh pekee. Embakasi na Pipeline, flati nyingi zina paa wazi la kuanika nguo. Panda huko saa kumi na mbili jioni: ndege zinashuka JKIA moja baada ya nyingine, na jua linazama nyuma ya tao. Kabla uhamie, uliza swali moja tu: ufunguo wa paa uko na nani? Mahali pengine paa limefungwa kufuli mwaka mzima.

View ya kuogopa: maji

Maji yanavutia, lakini uwe makini. Nairobi Dam, kati ya Lang'ata na Kibra, zamani watu walikuwa wakiendesha mashua. Magugu na uchafu vikaimeza. View ya maji bila mtu wa kutunza maji haikai.

Mto ni mbaya zaidi. Mwaka wa 2018 majengo makubwa yalibomolewa kwa kuwa yalikuwa kando ya mito. Halafu mafuriko ya 2024 yakaja usiku, watu wakapoteza maisha, na serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka ukingo wahame. Ukioneshwa keja "inasikia mto", hesabu hatua kutoka ukutani hadi majini. Ukimaliza haraka, shukuru caretaker uende.

Vitu vya kufanya kabla ya deposit

Enda mara mbili. Asubuhi mapema na jioni. View ya saa sita mchana ni vumbi na joto.

Cheki ploti zote mbele. Mabati mapya, lori za kokoto, bango la NCA, vigingi vya kupima ardhi: hizo ni dalili za mjengo. Uliza mama wa kibanda, si caretaker. Mama wa kibanda anajua nani amenunua nini.

Angalia jua. Balkoni ya magharibi inakupa jua likizama, na pia inapika sebule mchana wote. Ya mashariki inakuamsha mapema lakini jioni ni baridi safi.

Fungua mfereji. Orofa ya juu ndiyo ya kwanza kukosa maji. View haioshi vyombo.

Panda na mzigo. Beba mtungi wa lita 20 mpaka juu. Ukifika ukiwa bado unaipenda hiyo keja, hiyo ni yako.

Piga hesabu ya view. Thao tatu kwa mwezi ni 36,000 kwa mwaka. Kama mbele ni ploti ya mtu, omba upunguziwe. Mwenye keja anajua hatari hiyo kukushinda.

Usilipe mwaka mzima mbele kwa sababu ya view. Mkataba unakupa vyumba, haukupi mlima. Mjengo ukianza, unataka uwe na uhuru wa kuhama kwa notisi ya mwezi mmoja.

Na kama ushahamia na umeona bango la mradi mkubwa mbele yako, usikae tu ukilia kwa status. Miradi mikubwa hupitia NEMA, na majirani wana nafasi ya kutuma maoni yao kabla ya kibali. Wapangaji wengi hawajui, ama wanadhani hiyo ni kazi ya landlord. Andika barua na majirani wako. Pengine jengo litasimama vile vile, lakini Karura nayo ilibaki kwa sababu kuna watu hawakunyamaza.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla utume hiyo deposit, simama kwenye balkoni na ujiulize: mwenye hii nafasi naangalia ni nani? Ukipata jibu lenye linakutuliza, hamia. Usipopata, chukua keja ya nyuma, okoa thao tatu, na Jumapili panda mat ya 111 uende ukaone vilima vyenyewe.