Kuzimwa kwa analojia: Nani abebe matangazo, nani alipe

USIKU wa Desemba 31, 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam. Aliyekuwa na antena juu ya paa lakini hana king'amuzi aliachwa akitazama chenga.

Dodoma na Tanga zilifuata Januari 31, 2013, kisha Mwanza Februari 28, Arusha na Moshi Machi 31, na Mbeya Aprili 30. Maeneo mengine yalisubiri awamu ya pili.

Chimbuko la hatua hiyo ni makubaliano yaliyofikiwa Geneva, Uswisi, mwaka 2006 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU). Yalitamka kuwa baada ya Juni 17, 2015 matangazo ya analojia hayatalindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka nchi jirani. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilijiwekea lengo la mapema zaidi, yaani mwisho wa 2012, ingawa ni Tanzania pekee iliyoanza kuzima kwa tarehe hiyo.

Kilichokuwa kikigombewa ni masafa. Katika analojia kila kituo hukalia nafasi yake peke yake. Katika dijitali, nafasi hiyo hiyo hubeba chaneli kumi au zaidi. Masafa yanayobaki hugawiwa huduma nyingine, na mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilinadi yale ya megahezi 700 kwa ajili ya intaneti ya simu.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi lilikuwa la leseni. Zamani mwenye kituo alikuwa na studio, mnara na masafa yake mwenyewe. Mfumo mpya ulimwachia kutayarisha vipindi tu, na kazi ya kuvisafirisha hadi kwa mtazamaji ikakabidhiwa kampuni tatu: Star Media, Basic Transmissions na Agape Associates. Utengano huo haukuwa kamili, kwani Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), lenye chaneli zake, lilikuwa mbia wa Star Media kwa asilimia 35.

Nchini Kenya suala hilo hilo liliishia mahakamani. Nation, Standard na Royal Media Services walikataa kubebwa na wengine, wakidai leseni ya kurusha matangazo yao wenyewe. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu Septemba 2014, lakini mvutano haukwisha. Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilizimwa, na NTV, KTN, QTV na Citizen zikatoweka hewani kwa takribani wiki tatu, hadi zilipoanza kurusha kupitia kampuni yao ya pamoja.

Kwa mtazamaji wa Tanzania, swali lilikuwa jepesi zaidi: kifurushi kikiisha, nitaona nini? Masharti ya leseni yalizitaka kampuni zinazotumia minara ya nchi kavu kuonyesha bila malipo chaneli tano za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV, hata kama mteja hajalipia mwezi. Bila sharti hilo, aliyekuwa akitazama taarifa ya habari bure kwa miaka mingi angegeuzwa mteja wa lazima.

Ila sharti hilo halikuwahusu wenye leseni za setilaiti, ambao hutoza ada. Mwaka 2018 TCRA iliwaagiza DStv, Azam na Zuku kuondoa chaneli za bure za ndani kwenye huduma zao, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuruhusu kuuza kile ambacho mwananchi anastahili kukipata bure. Kisheria hoja ilikuwa na mashiko. Lakini mawimbi ya minara hayakufika kila kijiji, na aliyekuwa amenunua dishi kwa sababu hiyo alijikuta amelipia kifurushi na bado haioni ITV.