Pikipiki Iliyokwisha Tumika: Historia ya Chombo na Wenyewe

Neno utamaduni linapotajwa, wengi wetu hufikiri kwanza juu ya ngoma, mavazi, nyimbo na hadithi za wazee. Fikira hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Utamaduni wa watu huonekana pia katika namna wanavyotumia vyombo vyao, namna wanavyovitunza, na namna wanavyouziana vyombo hivyo vikishachakaa. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za pikipiki nchini Tanzania, na hasa pikipiki iliyokwisha tumika, ile ambayo mwenye kuinunua huipokea pamoja na tabia za yule aliyeitangulia. Tutaonyesha kwamba wenye pikipiki za namna hiyo wamejenga elimu kubwa isiyoandikwa, na kwamba uhai wa watu wengi umo katika kuitumia au kuipuuza elimu hiyo.

Jina lenyewe la chombo hiki lina mafunzo. Waswahili hawakwenda kuliazima kwa wale waliokileta, bali walikisikiliza kinavyolia, wakakiita pikipiki. Na wengine wakakiita tukutuku. Mlio huo ulisikika nchini mapema. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, miongoni mwa majeshi ya Jenerali Smuts yaliyoingia kupigana na Wajerumani kilikuwamo kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Baada ya vita pikipiki ilibaki kuwa chombo cha wachache, kama vile watumishi wa serikali ya kikoloni, wamisionari na wenye mashamba makubwa. Mwananchi wa kawaida aliifahamu kwa kuisikia ikipita.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, chombo hiki kilibadili mpandaji. Bwana shamba, bwana afya, mkaguzi wa shule na karani wa chama cha ushirika walihitaji kufika mahali ambapo gari halifiki, au hufika kwa gharama isiyochukulika. Pikipiki hupita katika kijia cha miguu, huvushwa mto kwa mtumbwi, na hutumia petroli kidogo. Kwa hiyo ikawa chombo cha kazi ya umma. Kila ofisi iliyokuwa na utaratibu mzuri ilikuwa na kitabu cha safari, ambamo ziliandikwa tarehe, maili au kilomita, mafuta yaliyotiwa na matengenezo yaliyofanywa.

Hapa ndipo inapoanza habari ya pikipiki iliyotumika. Chombo cha ofisi kilipochoka kilitolewa katika orodha ya mali za serikali na kuuzwa kwa mnada. Mwalimu, mfanyabiashara mdogo au mkulima aliyekuwa na akiba alikinunua. Alipewa kadi, akapewa ufunguo, lakini kwa kawaida hakupewa kile kitabu. Alinunua chuma bila historia yake. Hakujua kama oili ilibadilishwa kwa wakati, wala kama chombo kiliwahi kuanguka, wala ni fundi gani aliyekifungua mara ya mwisho. Ilimpasa ajifunze mwenyewe, na mara nyingi alijifunza akiwa njiani, mbali na mji.

Wakati huo pikipiki nyingi zilikuwa na injini ya mapigo mawili. Injini ya namna hiyo ni nyepesi na ina sehemu chache, lakini oili yake huungua pamoja na petroli. Mwenye chombo asipochanganya oili kwa kipimo, au akisahau kujaza tangi dogo la oili katika zile zilizokuwa nalo, pistoni hupata moto na kunasa ndani ya silinda. Mafundi husema injini imenoki. Mtu aliyenunua pikipiki kutoka kwa mwenye kupima oili kwa macho alinunua silinda iliyokwaruzwa, ingawa kwa nje tangi lilimetameta.

Kisha ikafika miaka ya dhiki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata viliendelea hadi mwaka 1979, wakati ule ule bei ya mafuta ilipopanda duniani. Fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vikaadimika. Pikipiki mpya ikawa jambo la kusimuliwa. Ile iliyotumika ikawa ndiyo pikipiki. Katika miaka hiyo fundi alikuwa mtu wa heshima kama mganga. Gasketi ilikatwa kutoka karatasi ngumu, mnyororo uliolegea uliondolewa pingili moja ili ukaze, na pikipiki mbili zilizokufa zilizaa moja iliyo hai. Ujuzi huo unastahili sifa, kwa kuwa ndio uliowafikisha wauguzi na walimu vijijini wakati ambapo duka halikuwa na kitu.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli wote. Dhiki ilizaa pia mazoea yaliyobaki hata baada ya dhiki yenyewe kupungua. Kufunga kwa waya kulikuwa dawa ya siku moja, kukageuka kuwa tiba ya kudumu. Pikipiki iliyounganishwa kutoka mbili ilikuwa na namba moja ya fremu na namba nyingine ya injini, na kadi haikulingana na chombo. Aliyeiunganisha aliijua siri hiyo na alijua ni wapi pa kupunguza mwendo. Aliyeinunua baada yake hakujua.

Jambo la ajabu ni kwamba kabla kidogo ya miaka hiyo mwenendo wa wenye pikipiki katika nchi zisizo tajiri ulichunguzwa na watengenezaji wenyewe. Wahandisi wa Honda kutoka Japani walizitembelea nchi za namna hiyo kutazama jinsi pikipiki zao zinavyotumika. Waliona oili ikicheleweshwa, mnyororo ukiachwa bila kukazwa, na mzigo ukizidi kipimo. Hawakuishia kulalamika. Mwaka 1976 walitoa pikipiki ya CG125, ambayo vali zake hufunguliwa kwa vijiti vya chuma badala ya mnyororo mdogo wa ndani, ili iweze kuvumilia utunzaji hafifu. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi mno. Kwa njia hiyo pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji na vijiji vyetu zina moyo uliobuniwa kutokana na makosa ya wenye pikipiki. Uvumilivu wa injini hiyo umekuwa neema, na umekuwa pia kishawishi, kwa sababu chombo kisicholalamika haraka humzoesha mwenyewe kukisahau.

Tangu bajeti ya mwaka 1984, watu waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na vipuri vikaanza kuonekana tena. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja katika miaka ya 2000, pikipiki za China na za India zilipoingia kwa bei ambayo watu wengi zaidi waliweza kuimudu. Jina bodaboda lilikwisha zaliwa zamani katika mpaka wa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizowavusha abiria. Sasa likahamia kwenye pikipiki na kuenea kote. Hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2010 ziliitambua kisheria biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki na kwa bajaji.

Biashara hiyo imeleta namna mpya ya kumiliki chombo kilichotumika. Kijana asiye na mtaji hupewa pikipiki na tajiri wake, naye humpelekea hesabu kila siku. Kama ni ya mkataba, hesabu ikitimia kwa muda waliopatana, pikipiki huwa mali yake. Basi kijana huyu hununua pikipiki iliyotumika, na aliyeitumia ni yeye mwenyewe. Kila siku aliyoahirisha kubadilisha oili ili atimize hesabu, alikuwa akijipunguzia mali yake ya kesho. Wenye kuendesha husema kwamba pikipiki ya mkataba hutunzwa vizuri kuliko ile ya hesabu tupu, na sababu yake ni wazi: mtu hukitunza kile anachotarajia kubaki nacho. Lakini mkataba wenye hesabu nzito mno huivunja hekima hiyo, kwani humlazimisha kijana kula mbegu kabla ya kupanda.

Sasa tutazame elimu ambayo wenye pikipiki wameirithishana kwa mdomo. Mnunuzi mwenye busara hufika asubuhi bila kutoa habari ndefu, na kabla ya yote huigusa injini. Ikiwa ya moto, hujiuliza kwa nini muuzaji aliiwasha mapema. Maana injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi. Ikikutwa imeoshwa sana, huiwasha na kuiacha ingurume kwa muda, kisha huinama kutafuta mahali oili inapovuja. Hutazama moshi: katika injini ya mapigo manne, moshi wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua na ringi au vali zimechakaa, moshi mweusi huonyesha kuwa petroli inazidi. Huushika mnyororo kwa nyuma ya gurudumu na kuuvuta. Ukiachana sana na meno, umekwisha. Hulitikisa gurudumu kando kwa kando ili ajue hali ya beringi zake. Humwomba mtu aiendeshe taratibu katika njia iliyonyoka, naye hutembea nyuma akitazama kama magurudumu mawili yanafuata mstari mmoja, kwani fremu iliyopinda haifichiki kwa rangi. Mwisho husoma namba ya fremu na ya injini, akazilinganisha na kadi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mnunuzi aliyezoea hujihadhari na pikipiki inayosifiwa kabla haijaulizwa.

Wauzaji wasio waaminifu nao wana elimu yao. Wako watiao oili nzito ili kelele ya injini itulie kwa siku chache. Wako wanaochomoa waya wa mita ili kilomita zisihesabiwe. Wako wanaopaka rangi mahali palipounganishwa kwa moto. Baadhi ya watu huyaita mambo haya ujanja wa biashara, na kucheka. Sisi hatuoni la kuchekesha. Injini iliyofichwa ubovu wake humtia mnunuzi hasara. Lakini breki iliyofichwa ubovu wake, au fremu iliyopasuka, humfikia mtu ambaye hakuwapo siku ya kuuziana: mwanafunzi aliyepakiwa nyuma, mama mjamzito anayewahi zahanati, mtembea kwa miguu aliye kando ya njia. Wodi za mifupa katika hospitali zetu zinawafahamu watu hao. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kutumia chombo kibovu barabarani, lakini sheria huja baada ya tendo. Kinachotangulia tendo ni tabia.

Kuna pia jambo la kadi. Wengi huuziana kwa maneno na kupeana mikono, jina la kwenye kadi likabaki la mwenye kwanza hata chombo kinapofika kwa mtu wa nne. Pikipiki hiyo ikifanya ajali au ikitumiwa katika uhalifu, anayeulizwa ni yule aliyekwisha kuisahau. Naye mmiliki wa nne, ikiibwa, hana cha kuonyesha. Katika mitaa mingi umejengeka utaratibu mwema wa kuandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa pande zote mbili, kabla ya kwenda Mamlaka ya Mapato kubadilisha jina. Huu ni utamaduni wa zamani katika vazi jipya. Wazee wetu hawakuuziana ng'ombe wala shamba pasipo watu wa kushuhudia.

Mali bila daftari huisha bila habari. Tumeona kwamba pikipiki ya ofisi ilikuwa na kitabu, na kwamba kitabu hicho kilipotea siku ya mnada. Hasara hiyo imeendelea hadi leo, ingawa dawa yake ni rahisi. Daftari dogo la shule latosha kuandikwa siku oili ilipobadilishwa, siku breki zilipotiwa mpya, siku chombo kilipoanguka na kilichovunjika. Daftari hilo likabidhiwe pamoja na kadi, na mnunuzi alidai kama anavyodai ufunguo. Hata pikipiki za umeme, ambazo zimekwisha anza kazi katika miji ya Afrika Mashariki, hazitaiondoa haja hiyo. Swali la oili litaondoka na mahali pake litakuja swali la betri, imechajiwa namna gani na imebakiwa na nguvu kiasi gani.

Taifa ambalo vyombo vyake vingi hupita mikononi mwa watu wawili, watatu au wanne haliwezi kuishi kwa elimu ya kununua peke yake. Lahitaji elimu ya kukabidhi. Mtu anayeuza pikipiki yake na kusema, kabla ya kuulizwa, kwamba breki ya mbele imelegea na beringi ya nyuma imekwisha, huenda akapungukiwa shilingi chache siku hiyo. Lakini yule anayeipokea atajua pa kuanzia kazi, na abiria wake watafika.