Noeli kwa Mahadhi Yetu

Wamisionari walipotafsiri nyimbo za Noeli, maneno yakawa ya Kiswahili na mahadhi yakabaki ya Ulaya. Hapo pakawa na mashindano. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, bali mahadhi ya kigeni mara nyingi huutupa mwishoni kabisa. Basi neno "mtoto" likaimbwa kama litamkwavyo na mgeni aliyeshuka melini jana! Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliidhinisha lugha na muziki wa wenyeji katika ibada. Watunzi wetu wakaingia kazini. Huko Nairobi, mwaka 1979, Boniface Mganga aliunda Kwaya ya Muungano, waimbaji mabingwa kwelikweli. Nawe ukisikia Noeli mpya pale Lindi, Kibera, litegee sikio neno "mtoto": latua vile vile mama alitamkavyo.