Kiungulia na mshtuko wa moyo

Kiungulia na mshtuko wa moyo ni hali mbili tofauti za kiafya ambazo mara nyingi huchanganywa, kwa sababu zote huleta maumivu katikati ya kifua. Ya kwanza hutokana na asidi ya tumbo kupanda kwenye umio, na kwa kawaida haihatarishi maisha. Ya pili hutokea mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba, na inaweza kuua kwa muda mfupi.

Majina

Lugha yenyewe huongeza mkanganyiko. Katika Kiswahili sehemu ya juu ya tumbo, chini tu ya kidari, huitwa chembe ya moyo, na mwenye kichefuchefu husema moyo unamchafuka. Waingereza nao hukiita kiungulia kwa neno lenye maana ya kuungua kwa moyo. Hivyo mgonjwa anayesema "moyo unaniuma" huenda anaumwa tumbo, na anayelalamikia chembe huenda anaumwa moyo. Nchini Tanzania maumivu ya eneo hilo hupewa haraka jina la vidonda vya tumbo, hata kabla ya kipimo chochote.

Kiungulia

Mwishoni mwa umio kuna msuli wa mviringo unaofunga njia ya tumbo baada ya chakula kupita. Ukilegea, asidi hupanda na kuunguza. Sahani kubwa ya ugali na samaki wa kukaanga usiku, kisha kulala papo hapo, ni mfano unaojulikana katika miji ya ziwani kama Musoma. Pombe, sigara, unene na ujauzito huchangia pia. Maumivu ni ya kuunguza, huanza baada ya kula, huzidi mtu akiinama au akilala chali, na huambatana na ladha chungu au chachu mdomoni. Hayategemei kazi ya mwili.

Mshtuko wa moyo

Hapa wagonjwa wengi hawasemi "kuungua". Husema kifua kimebanwa, kimekazwa, au kama kimewekewa mzigo. Maumivu yanaweza kuenea kwenye mkono, hasa wa kushoto, bega, shingo, taya au mgongo, pamoja na jasho la baridi, kuhema, kichefuchefu na udhaifu wa ghafla. Yanaweza kuanza wakati wa kazi nzito, kama kuvuta nyavu au kupanda mlima, lakini pia mtu akiwa amepumzika au amelala.

Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata mshtuko bila maumivu makali ya kifua. Kwao dalili pekee huwa uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi, au maumivu ya chembe yanayofanana kabisa na kiungulia. Shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji wa sigara na umri mkubwa huongeza hatari.

Kosa la kawaida

Wengi hujipima kwa kumeza magnesiamu au kunywa maziwa: maumivu yakipungua, huamua kwamba ni tumbo. Kipimo hicho hakiaminiki. Maumivu ya moyo yanaweza kupungua yenyewe na kurudi, na mtu mwenye kiungulia cha miaka mingi anaweza siku moja kupata mshtuko wa moyo. Hata daktari hawezi kutenganisha hali hizi kwa maelezo tu. Huhitaji kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu cha troponini, ambacho wakati mwingine hurudiwa baada ya saa chache.

Wahudumu wa afya nao hupitwa. Utafiti uliofanywa Moshi, mkoani Kilimanjaro, uliwapima kwa utaratibu wagonjwa wa dharura wenye maumivu ya kifua au kukosa pumzi, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo.

Hali mkoani Mara

Katika Mkoa wa Mara umbali ndio hufanya uamuzi wa mapema uwe na uzito. Mvuvi aliye kisiwani huhitaji mtumbwi kwanza, kisha gari. Kutoka Butiama hospitali ya rufaa ya mkoa iko Musoma. Kutoka Musoma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara inayopitia Bunda. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako mishipa iliyoziba hufunguliwa kwa mrija, iko Dar es Salaam.

Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za kwanza, na baada ya saa 12 kwa kawaida hazitolewi. Kwa hiyo maumivu ya kubana yanayodumu zaidi ya dakika chache, au yenye jasho na kukosa pumzi, hupelekwa kituo cha karibu chenye kipimo cha umeme wa moyo bila kusubiri asubuhi. Mgonjwa hukalishwa, haachwi atembee wala aendeshe pikipiki mwenyewe. Mhudumu wa afya anaweza kumpa aspirini ya miligramu 300 aitafune, isipokuwa kama ina mzio kwake au anatokwa damu tumboni. Na hapo ndipo historia ya kweli ya vidonda vya tumbo inapotakiwa kutajwa.