Mshipi na Mshipa

Kuruwitu, kama kwingineko pwani ya Kilifi, kuna wavuvi wanaoishi kwa mshipi. Badilisha irabu moja tu upate mshipa, neno lililobebeshwa mzigo mzito: mshipa ni njia ya damu, mshipa ni neva, na kwa wengine mshipa ni ngiri.

Chukua mvuvi aliyechomwa mkono na mwiba wa samaki aitwaye taa. Kidonda kimefunga, kovu limekauka, lakini miezi mitatu baadaye mkono bado unawaka. Shuka ikimgusa, anaruka. Akimwambia daktari, “Mshipa unaniuma,” huenda akapimwa presha, akarudi na vidonge vya kawaida vya maumivu, ambavyo mara nyingi havifui dafu mbele ya maumivu ya neva.

Kiswahili kina maneno yanayofichua zaidi: kuwaka, kuchonyota, kupigwa shoti, kufa ganzi, kutambaliwa na sisimizi. Daktari akiyasikia, hugusa ngozi kwa pamba, kisha kwa ncha ya pini, akilinganisha mkono mzima na ulioumia. Akimwandikia amitriptilini, mgonjwa asidhani ameambiwa ana wazimu: dawa hiyo ya sonona, kwa kipimo kidogo, hutuliza pia neva. Gabapentini nayo hutumika, ikianzwa kidogo na kupandishwa polepole.

Basi mshipa tuuachie damu, na neva tuiite neva. Nawe ndugu yangu, usiishie kwenye “naumwa”. Sema unaumwaje, hapo ndipo tiba huanzia.