Mrima Kabla ya Boma: Majumbe, Liwali na Akida

Anayetafuta mpaka wa utawala wa Unguja katika Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili Unguja, katika karne ya 19 asianzie kwenye ramani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulimpimia Sultani ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Wenyeji hawakuwahi kuishi kwa kipimo hicho. Amri ya Sultani ilisikika palipokuwa na forodha na askari wa Kibaluchi. Kwingine ilitegemea mapatano.

Miji ya Kaole, Bagamoyo, Winde na Saadani kila mmoja ulikuwa na majumbe wake, yaani wakuu wa mji, mara nyingi kadhaa katika mji mmoja, kila jumbe na watu wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aeleza jinsi ujumbe ulivyopatikana kwa gharama: mtu hulisha mji na kutoa ada kwa wenye vyeo kabla ya kuvishwa kilemba. Baadaye naye alikula ada, hasa za misafara iliyoshuka na pembe za ndovu. Washomvi wa Kaole na Bagamoyo, waliojinasibisha na Barawa, nao walikuwa na wa kumpa: masimulizi husema walimlipa Pazi, mkuu wa Wazaramo, kwa kuwaokoa na Wakamba.

Juu ya hao aliwekwa liwali, mtu wa Sultani, na forodha ikakodishwa kwa matajiri wa Kihindi. Huko Saadani, mtawala wake Bwana Heri hakujihesabu mtumwa wa Unguja hata kidogo.

Kwa hiyo kampuni ya Kijerumani ilipokodishiwa pwani kwa mkataba wa Aprili 1888, ilipewa kitu ambacho Sultani mwenyewe hakuwa nacho chote. Vita vya wenyeji dhidi ya kampuni hiyo, vikiongozwa na Abushiri na Bwana Heri, vilizuka mwaka huohuo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikashika pwani yenyewe.

Wajerumani hawakubuni vyeo vipya; walivipanga ngazi. Chini ya bwana shauri wa wilaya kukawa na liwali mjini, akida juu ya vijiji vingi, jumbe kijijini. Akida, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa vita, sasa aliandika daftari na kukusanya kodi ya kibanda iliyoanza mwaka 1898. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani, wakipelekwa kutawala bara wasikokuwa na jamaa. Hapo ndipo ubaya ulipoingia: jumbe aliyekuwa na deni kwa watu wake akawa na deni kwa Boma, yaani serikali ya Wajerumani, peke yake.

Waingereza waliowafuata Wajerumani walibadilisha mengi kwenye karatasi na machache kijijini. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, baada ya Uhuru wa Tanganyika.